Mara ya Mwisho Kuonekana Mzima

Kazi yangu ilikuwa kuuliza swali moja. Fomu yetu ilikuwa na mengine mengi, umri, presha, sukari, sigara, lakini daktari aliyeongoza utafiti alituambia siku ya kwanza kwamba hayo yote tukiyakosea yatarekebishika. Swali moja halikuruhusiwa kukosewa: mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho saa ngapi?

Ukiwauliza ndugu wa mgonjwa, watakutajia saa waliyomkuta ameanguka. Hiyo haitoshi, kwa sababu kiharusi huwa kimeshaanza kazi yake. Unawarudisha nyuma taratibu. Alikunywa chai? Kikombe alikishika kwa mkono gani? Nani aliongea naye, na alijibu sawasawa? Hapo ndipo unapata saa ya kweli. Dawa tuliyokuwa tukiifanyia utafiti huyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, na inatakiwa iingie mwilini ndani ya masaa manne na nusu tangu saa hiyo. Ikichelewa inaweza kuvujisha damu kichwani na kumuua mtu ambaye angeishi.

Niliijua kazi ile, na nilijua kwamba naijua. Kwetu Kivu ya Kusini nilikuwa mwalimu. Huku Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikawa mkalimani, na kutoka ukalimani nikaingia kwenye utafiti. Siku tatu za wiki nilikuwa wodini Mbarara, nikilala kwenye chumba cha kupanga huko Kamukuzi. Siku nyingine nilirudi kambini kuwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali na kuwafundisha watu dalili. Nilifundisha sokoni Base Camp, katikati ya kambi, nilifundisha Jumapili Warundi wakitoka misani, nilifundisha kwenye makanisa yetu ya Wakongo ambako mchungaji alinipa dakika kumi baada ya matangazo. Somo lenyewe lilikuwa fupi. Mwambie mtu acheke, utazame kama mdomo unavutwa upande. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, utazame kama mmoja unashuka. Mwambie aseme jina lake na la mama yake. Kimoja tu kikiharibika, usingoje hata dakika, kimbia. Watoto wa mtaani kwetu walizoea kunyanyua mikono kila wakiniona, wakikenua meno, nami nilipenda sana jambo hilo.

Kwa wagonjwa nilikuwa mkali. Namkumbuka mzee mmoja Mrundi, mkulima, aliyemleta mkewe siku ya tatu. Siku mbili alikuwa amemlaza kwenye chumba cha maombi. Nilimuuliza mbona wamekawia hivyo, naye akakunja kofia yake mikononi na kusema, "Tulizani itapita, bwana." Nilimkaripia mbele ya wagonjwa wengine. Nilimwambia mkewe hataongea tena, na kosa ni lake. Kwenye fomu, mahali pa sababu ya kuchelewa, palikuwa na orodha ya kuchagua: umbali, kukosa usafiri, kukosa nauli, kutotambua dalili, kwenda kwanza kwa maombi au kwa mganga, nyingine. Niliweka alama kwenye maombi, kisha pembeni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu: uzembe wa familia. Daktari aliliona akalikata. Alisema hatukuajiriwa kuhukumu watu, na mimi nikanuna siku nzima.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mama ndiye aliyeandikwa mkuu wa familia kwenye karatasi zetu, kwa sababu ndiye aliyetuvusha mpaka. Sisi wote, mimi, mke wangu na watoto, tulikuwa chini ya jina lake. Dosiye yetu, faili la kuhamishiwa nchi ya tatu, si kwetu wala Uganda, ilikuwa imeamka baada ya miaka mingi ya kulala. Tulikuwa tumefanya enterviu mbili, na watu wa mtaani walishaanza kututazama kama watu wa kuondoka. Ndipo likatangazwa zoezi la uhakiki, ambalo sisi wote tunaliita verifikasiyo. Kila mtu aliyeandikwa anakwenda mwenyewe, anapigwa picha, anaweka vidole kwenye mashine. Asiyeonekana, jina lake linasimamishwa. Na mtaani ilisemwa jambo jingine pia, kwamba mkuu wa familia akiandikwa mgonjwa kwenye kompyuta, dosiye inapelekwa pembeni na haitoki huko. Kila mtu alikuwa na mfano wa jirani yake. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Sikumuuliza mtu yeyote ambaye angeweza kujua, ingawa nilifahamiana na nusu ya watu wa ofisi ya wakimbizi.

Siku ya zamu yetu, mke wangu alitangulia na watoto alfajiri kushika nafasi kwenye mstari. Mimi nilibaki ili nije na mama kwa bodaboda. Saa moja asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni na kikombe chake cha plastiki cha chai. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nikasikia kikombe kinaanguka.

"Mukono yangu iko nalala tu," akasema. Maneno yalitoka mazito, kana kwamba ana ugali mdomoni.

Hapa ndipo ninapopaficha siku zote, kwa hiyo nitapaandika polepole. Nilimpima. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia, "Mama, cheka." Akacheka upande mmoja. Nikamwambia anyanyue mikono, na wa kulia ukapanda hadi usawa wa kifua, ukashuka wenyewe. Nikamwambia aseme jina la mama yake. Bibi yangu alikuwa na jina jepesi, silabi mbili, na mama yangu hakulipata.

Nilijua. Katika kambi nzima ya Nakivale, asubuhi ile, hapakuwa na mtu aliyejua kuliko mimi. Kliniki ya Base Camp ina ambulensi, na dereva wake namfahamu. Wodi ya Mbarara ilikuwa ya kwetu, daktari alikuwepo, dawa ilikuwepo kwenye friji ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuifuta vumbi. Nikapiga hesabu kichwani: masaa manne na nusu, toa safari, toa skani. Nikasema, tuweke kwanza vidole. Lisaa limoja tu, mawili yakizidi. Kutoka pale nitampeleka moja kwa moja.

Nilimwinua. Akanishika shati kwa mkono wa kushoto.

"Ngoya, mutoto wangu," akasema. "Ngoya kwanza."

"Mama, tukikosa leo batatukata. Twende."

"Ngoya."

Sikungoja. Nilimfunga kitenge kichwani na kukishusha hadi mdomoni, kama mtu anayekinga vumbi, nikampakia kwenye bodaboda katikati, dereva mbele na mimi nyuma, mikono yangu ikimshika kiunoni. Nilihisi upande wake wa kulia ukiniegemea kwa uzito wote. Dereva alitusifu njia nzima, eti ni vizuri kuona mtu mzima anamkumbatia mama yake.

Mbele ya mstari kulikuwa na benchi la wagonjwa na wazee wasiojiweza. Waliokaa pale waliitwa kwanza. Ningeuliza tu, tungemaliza kabla ya saa tatu. Lakini kila aliyekaa pale karani alimwandika kitu kwenye kompyuta, na mimi nililiogopa hilo neno lisiloonekana kuliko nilivyoogopa mdomo wa mama. Nikampitisha kando ya benchi, nikamketisha chini kwenye mstari wa kawaida, nyuma ya mke wangu. Mke wangu alimtazama akauliza kama ana homa. Nikasema amechoka tu, hakulala vizuri. Alinisadiki. Kwa nini asinisadiki? Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu.

Mstari ulikwenda hadi saa sita. Saa tatu nilijiambia bado. Saa nne nilijiambia bado kidogo. Saa tano sikujiambia kitu. Mama alikuwa amekaza macho kwenye viatu vya watu. Watoto wawili wa mtaani kwetu walipita, wakaniona, wakanyanyua mikono na kukenua. Niliwafukuza kwa ukali hata watu wakageuka.

Kwenye mashine mkono wake wa kulia haukutii. Karani, kijana mpole, akasema vidole vya wakulima huwa vinasumbua, jembe limefuta alama. Nikacheka. Nikasema ndiyo, mama yangu amelima maisha yake yote, ngoja nimsaidie. Nikasimama nyuma yake, nikaushika mkono uliokufa, nikavibonyeza vidole vyake kwenye kioo kimoja kimoja. Taa ikawaka kijani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Hatua kumi nje ya mlango alianguka, na hapo ndipo nikapiga kelele kama mtoto mwema.

Ambulensi ilitupitisha Isingiro mbio, migomba pande zote mbili, mama kwenye machela na mimi nikimshika mkono uleule. Tulifika Mbarara saa tisa kasoro. Wenzangu walinipokea vizuri mno. Walimwingiza kwenye skani kabla ya watu waliokuwa wakisubiri, na picha ikaonyesha hakuna damu iliyovuja. Ni mshipa umeziba. Daktari akanigeukia na kuniuliza lile swali, kwa upole, kwa Kiingereza chake cha taratibu. Alionekana mzima kwa mara ya mwisho saa ngapi?

"Saa sita," nikasema.

Uso wake uling'aa. Bado tuko ndani ya muda, alisema. Akanipa fomu ya ridhaa ambayo mimi ndiye niliyeitafsiri kwa Kiswahili, neno kwa neno, na sentensi ya dawa kuvujisha damu ikiwa imechelewa nilikuwa nimeiandika mara tatu mpaka ikakaa vizuri. Nikaweka sahihi. Muuguzi wa utafiti, mwanamke wa hapohapo Mbarara niliyefanya naye kazi mwaka mzima, akaanza kuchanganya dawa. Nilitazama anavyoigeuza ile chupa ndogo bila kuitikisa. Nilikuwa nikifikiri kwamba huenda isimdhuru. Wapo waliochelewa kidogo wakapona. Nilikuwa nikifikiri kwamba akifa kwa dawa, hakuna atakayejua. Niliwaza hivyo kweli, mtoto aliyezaliwa na mwanamke yule.

Alipokuwa anatafuta mshipa ndipo niliposema, "Ni asubuhi. Ilianza saa moja asubuhi."

Muuguzi akasimama na sindano mkononi. Daktari hakunipigia kelele. Alihesabu kwa vidole, masaa yakawa karibu manane, akamwambia muuguzi aiweke dawa kando. Kisha akanipiga bega, akasema hofu inachanganya watu. Laiti angenitukana.

Na kama hilo lingekuwa mwisho, pengine ningeweza kuishi nalo. Lakini fomu ilibaki na pengo, na jioni ile muuguzi akaniuliza sababu ya kuchelewa. Nikasema, "Kutotambua dalili." Akanitazama. Alinijua, alishaniona nikifundisha. Basi nikaongeza haraka, kabla hajauliza, kwamba mimi nilikuwa nimetangulia kwenye mstari. Aliyebaki nyumbani na mama ni mke wangu, naye hakuelewa alichokiona. Akaweka alama.

Mama hakufa. Alirudi Nakivale na mkono wa kulia uliolegea, mguu unaoburuta, na neno moja. Akili yake ilikuwa nzima; ukisema jambo la kuchekesha alicheka, ukitaja marehemu alilia. Lakini mdomoni mlibaki neno moja tu, na alilitumia kwa kila kitu, kwa njaa, kwa usingizi, kwa salamu.

"Ngoya."

Majirani waliliona la kuchekesha kidogo. Walisema bibi anangoja ndege, anangoja Ulaya. Wajukuu, waliomwita bibi yao Koko, walimwitikia, "Ngoya, Koko!" naye anatabasamu upande wake mmoja. Mimi nilikuwa natoka nje. Nilianza kukaa Mbarara hata siku zisizo za zamu.

Mwezi wa pili baada ya hapo daktari alikuja kambini kuzungumza na watu, na mimi nikawa mkalimani wake sokoni Base Camp. Aliongea vizuri. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema kwamba dalili hizi zinaweza kumpita mtu yeyote, hata nyumbani kwa mfanyakazi wetu mmoja, mke wake alizitazama na hakuzitambua. Hakututaja. Watu wakanisubiri nitafsiri. Nikatafsiri. Kila neno nilipeleka pale linapotakiwa, sauti safi, na nilipomaliza wanawake wa safu ya mbele, wauza mafuta na dagaa wa sambaza wanaomjua mke wangu, walikuwa wakitazamana.

Mke wangu aliniuliza siku hiyohiyo, akipepeta maharage, bila kunyanyua macho.

"Ulibaambia ni miye nilikuwa na mama?"

Nikasema daktari amechanganya.

"Batu bote baliniona kwa mustari na batoto," akasema. "Tangu alfajiri."

Akaendelea kupepeta. Tangu siku ile aliniwekea chakula, alinifulia, na hakunisemesha zaidi ya lazima. Alimwogesha mama yangu kila asubuhi, akamlisha, akamnyoosha vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja kama alivyofundishwa, huku mtaa ukinong'ona kwamba ni yeye aliyemwacha aharibike. Nilikuwa namwona kutoka dirishani, na nilimruhusu aubebe mzigo wangu.

Miezi mitatu ilipotimia, muuguzi alikuja nyumbani kwetu kwa ukaguzi wa mwisho. Tulikaa sebuleni, mama kwenye kiti, mke wangu kwenye mkeka karibu naye. Kwa kuwa pale mwanzo mimi ndiye niliyetoa ridhaa, sheria ya utafiti inataka mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili timamu, asomewe yaliyoandikwa juu yake na akubali au akatae kwa kidole chake. Muuguzi akasoma kwa Kiswahili chake cha Uganda, na palipomshinda nikatafsiri. Umri. Presha. Saa moja asubuhi. Halafu akafika pale.

"Hapa naandikwa, mutu wa nyumbani hakujua hii ni ugonjwa gani. Sebo, bwana, muambie mama."

Mke wangu aliinamisha uso. Nilifungua kinywa nitafsiri, ingawa mama alikuwa ameshaelewa, na mama akaanza kutikisa kichwa. Akautoa mkono wa kushoto kwenye kitenge, akalibonyeza gumba mezani kama kwenye kioo cha mashine. Tena. Tena. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama nasema nini?" muuguzi akauliza. "Nataka kuweka kidole?" Akatoa kidau chake cha wino, akakifungua, akanisogezea. "Haya, wewe musaidie. Fomu nataka mukono ya kulia."

Na mkono wangu ukaenda. Nasema ukaenda kwa sababu ulikuwa umeshaizoea kazi. Niliinuka nikasimama nyuma ya mama, nikaushika mkono wa kulia kwenye kifundo, nikaunyoosha kuelekea mezani.

"Ngoya," mama akasema.

Alilisema polepole, sawasawa na asubuhi ile mlangoni, shati langu likiwa mkononi mwake.

Nikauachia mkono. Nilikaa chini, kwenye mkeka, mbele ya mke wangu. Nikangoja. Muuguzi alikuwa na kidau wazi mkononi.

"Hiyo uliyosoma si kweli," nikamwambia. "Futa."

"Nafuta naandika nini?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa Kiswahili, mke wangu asikie: kikombe, kucheka, mikono, jina la bibi, benchi tulilolipita, kioo cha mashine. Nilisema mke wangu hakuwepo na kwamba mimi nilimdanganya. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaipitia orodha kwa ncha ya kalamu, umbali, usafiri, nauli, dalili, maombi, akarudia tena toka juu.

"Hii yako haiko kwa fomu," akasema.

"Weka kwenye nyingine."

Akaweka alama. Kando yake palikuwa na mstari mmoja wa kuandika maelezo, mfupi, uleule nilioupita nilipomwandikia mzee wa Kirundi uzembe wake pembeni ya karatasi. Akanitazama akisubiri.

"Andika: mtoto wake alijua."

Aliandika. Akamsomea mama, kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Mke wangu alikuwa akitazama ile karatasi. Mama akachovya gumba la kushoto kwenye wino, akalipeleka mezani taratibu, akaliweka mwenyewe juu ya mstari.